Karatasi ndani ya kopo la biskuti: je, bibi huyu alikuwa mpiganaji kweli?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi karibu na Reggio Emilia, Italia, na kazi yangu ni kulea wazee. Bibi ninayeishi naye ana miaka 97. Ana kopo la biskuti lenye karatasi za zamani, moja imeandikwa 'patriota' na ina sahihi ya Alexander. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu jina la kike ambalo si lake. Usiku akiweweseka hujiita kwa jina hilohilo. Akiwa vizuri husema alipokuwa na miaka 17 alibeba ujumbe wa wapartizani, wapiganaji wa msituni waliopinga Wajerumani na Mussolini, kwa baiskeli. Mwanawe, naye ni mzee sasa, anacheka. Anasema mama yake hakushika bunduki, karatasi haisemi 'partigiana', inasema 'patriota' tu. Anasema wapartizani walikuwa wakomunisti waliojitokeza siku ya mwisho, kwamba walioikomboa Italia ni Wamarekani, na kwamba wapartizani walikuwa wakipiga na kukimbia huku Wajerumani wakiwamaliza wanavijiji. Mimi nami nimekua nikimsikia babu yangu, askari wa Keya, akisimulia alivyopigana na Waitaliano Abisinia, nikadhani wote walikuwa watu wa Mussolini. Nani mkweli? Na nifanye nini na karatasi hizi? Nyumba inataka kuuzwa na mwanawe anatupa vitu."*

Marahaba, mwanangu. Umenifungia maswali manne katika kitita kimoja. Nitaanza na karatasi, kwa sababu historia haiharibiki ukichelewa kuielewa wiki mbili, lakini kopo likishaingia kwenye gari la taka halirudi.

Mwanawe amelisoma neno sawasawa, ila amelipa maana isiyo yake. "Patriota" katika karatasi za miaka ile ina maana mbili, na watu wengi, hata Waitaliano wenyewe, huzichanganya. Maana ya kwanza ni ya Waingereza na Wamarekani. Majeshi ya Washirika yalipokuwa yakipanda kutoka kusini, kila eneo lilipokombolewa waliyavunja makundi ya wapartizani, wakakusanya silaha, na kumpa mtu cheti chenye sahihi ya Harold Alexander, kamanda wao mkuu katika vita vya Italia. Washirika walipendelea neno "patrioti", yaani wazalendo, na cheti chao kiliwaita wote hivyo, awe kamanda wa brigedi au mpishi wake. Kinamshukuru mwenye nacho kwa mashambulizi, kwa hujuma na kwa kutoa habari za kijeshi. Na habari za kijeshi ndizo alizokuwa akizibeba msichana wa baiskeli. Kwa hiyo kama sahihi ni ya Alexander, neno hilo halimshushi bibi daraja hata kidogo. Wanaume waliolala na bunduki milimani miezi 20 walipewa karatasi hiyohiyo.

Maana ya pili ni ya serikali ya Italia. Amri namba 518 ya tarehe 21 Agosti 1945 iliunda tume za kutambua nani alikuwa nani. Katika maeneo ya kaskazini kama hayo mnayoishi, ili uitwe "partigiano combattente", mpartizani mpiganaji, ilikubidi uwe umekaa katika kikosi kinachotambulika angalau miezi 3 na umeshiriki angalau matendo 3 ya vita au hujuma. Kulikuwa na njia nyingine pia, kama kujeruhiwa au kufungwa kwa ajili ya harakati. Aliyesaidia bila kufikia vipimo hivyo aliandikwa "patriota". Hapo ndipo neno lilipogeuka kuwa daraja la pili.

Tazama basi vipimo vyenyewe. Vinahesabu matendo ya silaha. Msichana aliyepeleka ujumbe mara 100 alihesabiwaje? Ilitegemea kamanda wake alikuwa hai, alimkumbuka, na alikubali kumwandikia. Zaidi ya yote ilitegemea kama yeye mwenyewe alikwenda kuomba. Asiyekuwepo na lake halipo: wanawake wengi hawakwenda. Waliolewa, wakazaa, wakarudi mashambani, wakaona ni aibu kujidai. Hata hivyo hesabu inayotajwa kila mwaka ni ya wanawake kama 35,000 waliotambuliwa kuwa wapiganaji, na wengine 20,000 kama patriote. Na hata siku za furaha zilikuwa na mipaka yake. Katika gwaride la ushindi la Torino, Mei 1945, wanawake wa brigedi za Garibaldi, zilizoongozwa na wakomunisti, walizuiwa kuandamana, viongozi wakihofia watasema nini watu juu ya wasichana waliolala milimani na wanaume. Kwa hiyo bibi yako akikuambia kwamba baada ya vita hakusema chochote, mwamini.

Sasa kazi yenyewe, maana nadhani mwanawe haielewi. Mpiganaji wa msituni ni tumbo, miguu na masikio kabla hajawa bunduki. Anataka mkate kila siku, viatu, chumvi, dawa ya kidonda, na anataka kujua askari wamelala wapi usiku wa leo. Bonde la mto Po, unavyoliona mwenyewe kila siku dirishani, ni tambarare kama meza, halina msitu wa kumficha mtu. Waliofichwa huko walifichwa na watu: chini ya sakafu ya zizi, nyuma ya marobota ya majani, darini. Familia ya Cervi pale Gattatico, wakulima wenye ndugu saba wa kiume, waliwalaza na kuwalisha mateka wa kigeni waliotoroka makambini. Novemba 1943 Wafashisti, watu wa Mussolini, waliizingira nyumba, wakaichoma. Tarehe 28 Desemba 1943 ndugu wote saba walipigwa risasi siku moja, hapo hapo Reggio Emilia. Wengi mno kati ya waliokufa katika vita ile walikufa kwa ajili ya kitanda na sahani ya chakula walivyompa mtu wasiyemjua.

Na kwa nini msichana, tena wa miaka 17? Kwa sababu ya sheria ya kuandikisha jeshi. Serikali ya Mussolini iliyowekwa na Wajerumani iliwaita vijana jeshini, na Februari 1944 ikatangaza kifo kwa atakayekataa. Tangu hapo kijana wa kiume wa miaka 20 akionekana barabarani bila sare tayari ni mshukiwa. Msichana mwenye kikapu anaweza kuwa anakwenda sokoni. Basi ndiye aliyepita kwenye vizuizi, karatasi ikiwa ndani ya nywele, ndani ya bomba la baiskeli au chini ya mboga, na mara nyingine si karatasi bali bastola au baruti. Waitaliano walimwita *staffetta*. Sisi neno letu lipo tangu zamani: tarishi. Alipokamatwa, lililomngoja ni mateso, mara nyingi kubakwa, kisha risasi au treni ya kwenda kambi za Ujerumani. Na hakuwa na bunduki ya kujitetea. Mwanawe anaposema mama yake hakushika bunduki, anataja sababu ya kumwogopea zaidi, huku yeye akidhani anampunguzia.

Nikupe mfano wa mtu anayejulikana. Tarehe 26 Septemba 1944, mjini Bassano del Grappa, vijana 31 walinyongwa kwenye miti ya barabara, na wanafunzi wa shule wakalazimishwa kwenda kutazama. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Tina Anselmi, miaka 17. Baada ya siku chache akawa tarishi wa baiskeli, jina la vita Gabriella. Mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini Italia, na alikuwa waziri wa afya ilipopitishwa sheria ya mwaka 1978 ya huduma ya afya kwa wote. Daktari wa familia anayemwandikia bibi yako dawa bila malipo anafanya kazi chini ya mfumo ulioanzishwa na tarishi mwenzake.

Umeona hapo neno "jina la vita". Jina la ukingoni mwa karatasi karibu hakika ndilo hilo. Kila mmoja alichagua jina, na wenzake walimjua kwa hilo tu, ili aliyekamatwa akiteswa asiwe na la kusema hata akitaka. Kulijua jina la kweli la mwenzako kulikuwa mzigo. Basi bibi anapojiita hivyo usiku, huenda akili yake haijapotea kama unavyohofia. Yuko mahali ambapo jina lake la ubatizo lilikuwa hatari.

Tuje kwenye madai ya mwanawe. Kwamba Waitaliano walijitokeza siku ya mwisho: nusu ya kicheko hiki ni haki, na Waitaliano wenyewe walikuwa wa kwanza kukicheka. Aprili 1945 shingo zilizofungwa vitambaa vyekundu ziliongezeka ghafla kuliko bunduki zilizopo. Lakini ili ujue mwanzo ulikuwaje, rudi tarehe 8 Septemba 1943. Mussolini alikuwa ameangushwa Julai 25 baada ya miaka zaidi ya 20 ya utawala. Serikali mpya ya Badoglio ikatia sahihi kusitisha vita na Washirika huko Cassibile, Sisilia, Septemba 3, na habari ikatangazwa redioni tarehe 8 jioni. Alfajiri iliyofuata mfalme na Badoglio walikimbia Roma, wakaishia Brindisi, bila kuliachia jeshi amri inayoeleweka. Fikiria jeshi zima, kutoka Ufaransa hadi visiwa vya Ugiriki, likiamka bila kujua adui wake ni nani. Wajerumani walijua. Waliwanyang'anya silaha na kuwapakia kwenye mabehewa askari zaidi ya 600,000. Huko Kefalonia divisheni ya Acqui ilikataa kusalimu amri, na maelfu wakauawa, wengi wao baada ya kujisalimisha.

Waliotoroka wakarudi nyumbani kwa miguu, wakiwa wamevaa suruali za kuombwa. Hapo ndipo makundi yalipoanzia: askari waliokataa kupelekwa Ujerumani, wapinga ufashisti wa zamani waliotoka jela, wanafunzi, mapadri, wakulima. Kufikia mwisho wa mwaka 1943 walikuwa maelfu machache tu. Kiangazi cha 1944 walikuwa makumi ya maelfu. Majira ya baridi yakawapukutisha tena, na siyo baridi peke yake. Novemba 13 Alexander alitangaza redioni kwamba waache operesheni kubwa na wangoje majira ya kuchipua. Tangazo lile walilisikia Wajerumani pia, wakajua wana miezi kadhaa ya kuwawinda bila kusumbuliwa mbele. Waliouona mwaka mpya wa 1945 wakiwa mlimani hawawezi kuitwa watu wa siku ya mwisho. Hesabu rasmi ya wapartizani waliokufa ni kama 45,000. Bibi yako anasema alikuwa na miaka 17. Muulize ilikuwa msimu gani. Akikutajia theluji, umepata jibu.

Walikuwa wakomunisti? Wengi, ndiyo. Brigedi za Garibaldi, kubwa kuliko zote, ziliongozwa na chama hicho, na Emilia ilikuwa ngome yao. Lakini kulikuwa na Giustizia e Libertà wa chama cha Partito d'Azione, brigedi za Matteotti za Wasoshalisti, Fiamme Verdi za Wakatoliki, na makundi huru ya maofisa waliobaki waaminifu kwa mfalme. Kamati ya Ukombozi wa Taifa iliyoundwa Roma Septemba 9, 1943 ilikuwa na vyama sita, kutoka Wakomunisti mpaka Waliberali. Walishuku wenzao kila siku, na mahali pengine walifanya zaidi ya kushuku: Porzûs, Februari 1945, wapartizani wa kikomunisti waliwaua wapartizani wenzao wa brigedi ya Osoppo, wasio wakomunisti. Mwanahistoria Claudio Pavone, ambaye mwenyewe alikuwemo katika harakati, alieleza mwaka 1991 kwamba zilikuwa vita tatu ndani ya moja: ya kumtoa Mjerumani, ya Mwitaliano kwa Mwitaliano, na ya maskini dhidi ya tajiri. Sijaona maelezo yaliyonisaidia zaidi ya hayo.

Nani aliikomboa Italia? Hapa mwanawe hajakosea sana. Bila majeshi ya Washirika, wapartizani wangemalizwa. Bologna iliingiwa na Wapolandi na Wamarekani Aprili 21, 1945, na waliovunja mstari wa Wajerumani milimani walikuwa na mizinga na ndege, vitu ambavyo hakuna brigedi ya Garibaldi iliyokuwa navyo. Washirika wenyewe, hata hivyo, Desemba 1944 walitia sahihi makubaliano ya kuwapa wapartizani wa kaskazini lira milioni 160 kwa mwezi. Jeshi lililo vitani halitoi fedha namna hiyo kwa hisani. Kisha kuna Genova. Aprili 25 Jenerali Meinhold wa Ujerumani, mwenye askari maelfu, alitia sahihi kusalimu amri mbele ya Remo Scappini, mfanyakazi wa kiwanda aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ukombozi ya mkoa wa Liguria. Wamarekani walipofika, mji ulikuwa huru na bandari haikulipuliwa. Reggio yenu nayo, Aprili 24, watu wa mlimani waliingia mjini sambamba na Washirika. Ukimsikia mtu anasema ni Wamarekani peke yao, au ni wapartizani peke yao, wote wawili wanataka hadithi fupi.

Hilo la vijiji ndilo zito, na sitalipita mbio.

Kanuni ya Wajerumani ilikuwa kumlipiza asiyehusika. Juni 17, 1944 Jemadari Kesselring, kamanda wa Wajerumani nchini Italia, alitoa amri akiahidi kumlinda kamanda yeyote atakayevuka mipaka ya kawaida katika kupambana na wapartizani. Maana yake: ueni, sitawauliza. Baada ya hapo siku zilizofuata zilikuwa za moto. Hapo jirani yenu, Bettola, usiku wa Mtakatifu Yohana, Juni 23 kuamkia 24, wapartizani walijaribu kulipua daraja kwenye barabara ya mlimani. Wajerumani wakatokea, risasi zikalia, wengine wakafa pande zote. Kisha askari wakawaua watu 32 waliokuwa wamelala kwenye nyumba za pale, watoto wakiwemo. Daraja lilikuwa lengo halali la vita. Na bila jaribio lile, watu wale pengine wangeamka asubuhi. Kweli zote mbili zinakaa pamoja na hakuna anayeweza kuifuta mojawapo. Makamanda wengi waliandika na kubishana juu ya hilo hilo: tushambulie karibu na kijiji au tusogee mbali? Tukisogea mbali kila mara, tutakuwa tunapigana na nani?

Ila yapo mambo mawili ambayo mwanawe amefundishwa vibaya, naye si peke yake. La kwanza ni la Roma. Machi 23, 1944, wapartizani walilipua bomu barabara ya Rasella, askari polisi 33 wakafa. Kesho yake Wajerumani waliwaua watu 335 katika mapango ya Ardeatine: kumi kwa kila mmoja, na watano wa ziada waliokosewa kuhesabiwa, wakauawa hivyo hivyo kwa kuwa walikuwa wameshaona. Utasikia mpaka leo kwamba Wajerumani walibandika matangazo wakiwataka wahusika wajisalimishe ili mateka waokoke, nao wakaogopa. Hakuna tangazo kama hilo. Mauaji yalikamilika ndani ya siku moja, na umma uliambiwa baadaye kwa taarifa iliyomalizia kwamba amri imekwisha kutekelezwa. Huwezi kujisalimisha kwa wito usiotolewa.

La pili: si kila kijiji kilichochomwa kilikuwa kisasi. Sant'Anna di Stazzema, Agosti 12, 1944, waliuawa watu kama 560, wengi wao wanawake, wazee na watoto. Mahakama ya kijeshi ya La Spezia, ilipowahukumu waliokuwa askari 10 wa SS, kikosi cha Wanazi, mwaka 2005, iliona kuwa ilikuwa operesheni iliyopangwa, si hasira ya shambulio fulani. Lengo lilikuwa kuwatenga wapartizani na wale wanaowalisha. Ndiyo maana nilianza na mkate na zizi. Na usishangae kwamba hukumu ilichukua miaka 60. Mafaili 695 ya mauaji hayo na mengine yaligunduliwa mwaka 1994 ndani ya kabati moja Roma, katika jengo la mwendesha mashtaka wa kijeshi, ambako "yalihifadhiwa kwa muda" mwaka 1960. Kwa muda!

Bado nina deni moja la ukweli kwako. Katika mkoa huo wa Emilia, baada ya bunduki kunyamaza, baadhi ya waliokuwa wapartizani waliendelea kuua: Wafashisti wa kweli, wa kudhaniwa, wenye mashamba, mapadri. Na hata kabla vita havijaisha, Rolando Rivi, mseminari wa miaka 14, aliuawa na wapartizani Aprili 1945 na Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mwaka 2013. Mzee yule unayemwona anamcheka mama yake, huenda upande wa baba yake kuna maiti ambayo haikuzungumzwa mezani. Sisemi ipo. Nasema nyumba nyingi za huko zinayo, na mtu hucheka kwa sababu mbalimbali. Usijitie kwenye mabishano naye. Wewe umeajiriwa pale, na ugomvi huu ulikuwepo kabla yako.

Sasa babu yako. Hakukudanganya. Italia ilivamia Uhabeshi, ndiyo Abisinia ya babu yako, Oktoba 1935, ikatumia gesi ya sumu, na baada ya Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitaliano huko, kunusurika kuuawa Addis Ababa Februari 19, 1937, watu maelfu walichinjwa mjini kwa siku tatu. Mei mwaka huo akaamuru kuuawa kwa watawa wa Debre Libanos. Vikosi vilivyotoka Kenya, Keya wakiwemo, vilisaidia kuikomboa Addis Ababa Aprili 1941, na ngome ya mwisho, Gondar, ilisalimu amri Novemba. Unajua Graziani alikwenda wapi baadaye? Akawa waziri wa ulinzi wa serikali ile ya Mussolini chini ya Wajerumani. Amri niliyokutajia, ya kifo kwa vijana wanaokataa jeshi, watu waliiita kwa jina lake. Aliyewawinda Wahabeshi ndiye aliyewawinda vijana wa Reggio. Babu yako na bibi unayemlea walikuwa na adui mmoja: utawala wa Mussolini.

Na kuna uzi mwingine. Ilio Barontini, mkomunisti wa Livorno, alikwenda Uhabeshi mwaka 1938 kwa siri kuwasaidia wapiganaji wa Kihabeshi dhidi ya jeshi la nchi yake mwenyewe. Aliporudi Italia aliwafundisha wapartizani wa mijini, kisha akawa kamanda mkuu wa wapartizani wote wa Emilia-Romagna. Yaani kamanda wa makamanda wa bibi yako alikuwa amefanya kazi kwetu Afrika Mashariki kwanza. Giorgio Marincola naye alizaliwa Somalia mwaka 1923, baba Mwitaliano, mama Msomali. Alipigana Roma, kisha akashushwa kwa parachuti kaskazini, Biella. Alipokamatwa walimweka mbele ya maikrofoni ya redio ili awaseme vibaya wenzake, naye akautukana ufashisti hewani. Aliuawa Stramentizzo Mei 4, 1945, siku chache baada ya ukombozi, na Wajerumani waliokuwa wakirudi kwao. Ana medali ya dhahabu ya ushujaa. Kwa hiyo la, hawakuwa wote watu wa Mussolini, na waliompinga hawakuwa wote weupe.

Cha kufanya. Karatasi ni za bibi, naye yu hai, basi idhini ya kwanza ni yake. Mwombe asubuhi, akiwa amekunywa kahawa, siyo usiku. Piga picha kila karatasi mbele na nyuma, kwa simu tu inatosha, na usizitoe nyumbani kimyakimya hata kwa nia njema, usije ukaambiwa umeiba. Kisha mwambie mwanawe kuna watu watakaozipokea bila kumgharimu. Reggio Emilia ipo Istoreco, taasisi ya historia ya harakati hizo, na chama cha wapartizani, ANPI, kina matawi karibu kila mji. Nendeni kwa miguu yenu, msimalizane kwa simu, maana mtaalamu akiishika karatasi ataona muhuri na namba ya brigedi ambavyo picha inavificha. Wanaweza kuzichukua au kutengeneza nakala na kuwarudishia. Majalada ya tume nilizozieleza yako katika Hifadhi Kuu ya Taifa, Roma, na kadi zake zaidi ya 700,000 zimewekwa mtandaoni. Tafuta kwa jina lake la kuzaliwa, siyo la ndoa. Kadi nyingi zina jina la vita. Likilingana na la ukingoni, mwonyeshe mwanawe ukimya ukimya, usimwambie neno. Lisipoonekana, haithibitishi lolote. Nimeshakueleza wangapi hawakuomba.

Kuhusu kuweweseka: kama ni ndoto za zamani, mshike mkono, mwite jina analojiita, mwambie vita vimekwisha na mlango umefungwa. Usimhoji hapo. Ila kama kuchanganyikiwa kumeanza ghafla, au kumezidi ndani ya siku chache, au hali wala hanywi, au anakuogopa wewe, hilo si suala la mwanahistoria. Mwite daktari wake siku hiyohiyo, kwa sababu kwa mtu wa miaka 97 hata maambukizi madogo ya mkojo huanza hivyo. Na akikubali kusimulia mchana, rekodi sauti yake kwa ruhusa yake, dakika 10 kwa siku zinatosha. Muulize baiskeli ilikuwa ya nani. Wazee hukumbuka baiskeli.

Siku yako ya mapumziko ikiangukia Julai 25, panda basi uende Gattatico, nyumba ya ndugu Cervi, ambayo sasa ni makumbusho. Mussolini alipoangushwa mwaka 1943, familia ile ilipika tambi kwa siagi na jibini, ikaipakia kwenye mkokoteni ndani ya madebe ya maziwa, ikaigawa bure uwanjani Campegine. Hadi leo hupikwa kila mwaka tarehe hiyo. Mchukulie bibi sahani moja.